Taji la Punda Hodi

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi ambayo wengine wenu mlikuwa mmeshazaliwa, palikuwa na mji mdogo chini ya mlima mkavu, ukiitwa Kisima Kimoja. Msitafute fumbo katika jina hilo. Kisima kilikuwa kimoja. Kisima kilikuwa na geti la chuma, geti lilikuwa na kufuli, na kufuli lilikuwa na ufunguo mmoja.

Sikilizeni vizuri habari za huo ufunguo, maana ndio uliowatia watu tumbo joto. Aliyeushika ndiye aliyefungua geti alfajiri, na ndiye aliyechota kwanza. Wa kwanza alichota maji. Wa katikati alichota maji na tope. Wa mwisho alichota kamba iliyolowa, akarudi nyumbani na mitungi mitupu inagongana. Na mji ule ulinyweshwa na mikokoteni ya punda iliyopeleka maji mlango kwa mlango, kwa hiyo mwenye ufunguo alikuwa na kazi, na mwenye kazi nyumba yake ilikula.

Ufunguo ulipatikana kwa mbio. Kila mwaka wa nne, mwaka ule ule ambao dunia hukusanyika kwa Olimpiki, Kisima Kimoja kilishindanisha mikokoteni. Pipa lijae maji. Punda asichapwe. Mkokoteni uzunguke mji, upite Mtaa wa Maduka, urudi kisimani na maji yasiyoshuka chini ya alama nyekundu. Mshindi alivikwa taji la majani ya mzeituni mwitu yaliyokatwa mlimani asubuhi hiyo, akavikwa na ufunguo shingoni, ukawa wake mpaka Olimpiki nyingine. Wa pili aliambiwa pole.

Aliyeanzisha mambo hayo ni Mwalimu Resiato, mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni hata siku ya harusi. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, Olimpiki. Ungemkuta mtoto wa mji ule hajui kufunga kamba za viatu, lakini anajua kwamba bingwa wa kwanza wa Olimpia ambaye jina lake limehifadhiwa alikuwa mpishi. Wachuuzi walijua kwamba Leonidasi wa Rodo, mkimbiaji wa Olimpia ya kale, alishinda mara kumi na mbili, na rekodi yake ikakaa zaidi ya miaka elfu mbili bila kupitwa. Vikongwe walijua habari za Mhabeshi aliyekimbia marathoni ya Roma miguu mitupu, akavunja rekodi ya dunia. Na wote walijua kwamba kule Olimpia ya kale taji lilikuwa la majani, tena lilikuwa moja, na wa pili hakupata hata jani.

Mwalimu ndiye aliyekuwa mwamuzi. Na mwaka ninaowasimulia, mwamuzi huyu hakuwa akilala vizuri.

Sababu ninayo. Mashindano ya nyuma yake, mikokoteni miwili ilifika pua kwa pua. Mwalimu, kwa huruma zake, akasema wawili wale washirikiane ufunguo, leo huyu, kesho yule. Watu wakapiga makofi, na makofi yale hayakufika mbali. Nyumba mbili zikaanza kuviziana getini kila alfajiri, huyu anasema jana ilikuwa zamu yangu, yule anasema jana haihesabiki. Matusi yakawa mateke. Siku moja mji uliamka ukakuta kamba ya kisima imekatwa, na ndoo na roda ya kupitishia kamba ziko chini kabisa, gizani. Mpaka zilipotolewa, mbuzi walikuwa wamekufa barabarani, na mama mmoja mjamzito alikuwa amebebwa kwa machela akitafutiwa maji mji wa jirani. Tangu hapo mji ukaapa: jina moja, shingo moja. Na tangu hapo Mwalimu akisikia ndoo inaanguka popote, hata jikoni kwake, moyo humruka.

Sasa tumwone punda.

Palikuwa na mama mmoja mtu mzima, Mama Kaltuma, mwenye mkokoteni na punda jike aliyeitwa Hodi. Jina hilo alipewa na wateja. Hodi alikuwa amepeleka maji milangoni miaka na miaka, na kila mlango aliouzoea alisimama mwenyewe, bila kuambiwa, na haondoki mpaka maji yamiminwe. Mvute, msukume, mbembeleze, haondoki. Katika mashindano yaliyopita, Hodi alisimama kwenye mlango wa kwanza wa Mtaa wa Maduka, kwa muuza mkaa, mbio zikaisha, taji likatolewa, watu wakaenda kula, Hodi bado yuko pale anasubiri mtungi.

Kwa hiyo mwaka huu Mama Kaltuma alipomwandikisha tena, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Magoti ya mama huyu yalikuwa yamechoka, hawezi tena kukimbia na mkokoteni. Akamweka kijana wake wa kazi aendeshe, Ekidor, baba wa mapacha wachanga. Hilo lilikuwa jambo jipya. Tangu mbio zianze, mwenye punda ndiye aliyeendesha punda wake, na hakuna aliyewahi kujiuliza taji ni la nani kati ya mwenye punda na mwendeshaji.

Mtaniuliza, mbona hawakukubaliana mapema? Jamani! Nani anakaa chini kugawana ushindi wa punda anayesimama kila mlango?

Na alikuwepo wa tatu. Dabo, mjane kijana, aliyefua nguo za watu ng'ambo ya barabara kutoka kwa Mama Kaltuma. Wakati wa kiangazi Hodi alizaa, na mwanapunda akatoka dhaifu, hawezi kusimama. Dabo alimbeba mabegani mpaka kwake, akamnywesha maziwa ya mbuzi wake mmoja, maziwa ambayo watoto wake walikuwa wakiyatazama. Mwanapunda akasimama, na Hodi alipofunguliwa jioni alivuka barabara kumnyonyesha. Akaitwa Karibu, kwa kuwa mama yake ni Hodi.

Siku ya mbio ikafika. Mwalimu alisimama kisimani na taji mkononi. Aliomba kitu kimoja tu: mshindi afike peke yake, mbali na wengine, mtu asiwe na la kuuliza.

Filimbi ikalia. Mikokoteni ikaondoka. Vumbi likapanda.

Hodi akaingia Mtaa wa Maduka, akafika mlango wa kwanza, akasimama. Watu wakaanza kucheka. Lakini Ekidor aliruka chini, akagonga pipa kwa kiganja, pa, pa, pa, akarukia tena juu, na Hodi akaondoka! Mlango wa pili, akasimama. Ekidor chini, pa, pa, pa, Ekidor juu, Hodi akaondoka. Mlango wa tatu, chini, pa, pa, pa, juu, akaondoka. Kicheko kikakatika. Kijana alishuka na kupanda, alishuka na kupanda, jasho linamwingia machoni, na mkokoteni ule uliokuwa wa mwisho ukaanza kuipita mingine iliyokwama kwenye mchanga.

Mlango wa mwisho wa mtaa ule ulikuwa wa Mwalimu mwenyewe. Hapo Ekidor aliruka vibaya. Gurudumu lilimpanda mguu, na waliokuwa karibu wakasikia mfupa. Alianguka chini, hatamu bado iko mkononi, na Hodi amesimama mlangoni anangoja. Mikokoteni miwili ikawapita. Ekidor, kifudifudi mavumbini, alinyoosha mkono akagonga pipa, pa, pa, pa. Kisha akaachia hatamu.

"Nenda," akasema. "Nenda kwa mwanao."

Hodi akaenda peke yake. Pale kisimani Dabo alikuwa amesimama nyuma ya mstari, amemshika Karibu shingoni. Mwanapunda akasikia harufu au akasikia kwato, mimi sijui, akalia. Hodi akainua masikio. Nawaambia, watu wa Kisima Kimoja hawakuwahi kumwona punda yule akikimbia, na siku hiyo walimwona. Aliupita mkokoteni wa kwanza, akaupita wa pili, akavuka mstari hana mwendeshaji, maji yako juu ya alama nyekundu, akasimama mbele ya Mwalimu Resiato. Kisha akampa Karibu titi anyonye.

Mji ukalipuka kwa vigelegele. Mwalimu peke yake hakupiga kelele. Alishaona kinachokuja.

Mwenye mkokoteni wa pili akaja mbio, povu mdomoni. "Mwalimu, huo si mkokoteni, ni punda aliyepotea! Mwendeshaji yuko wapi?"

Hilo Mwalimu alilijibu haraka, tena kwa furaha, maana jibu alikuwa nalo. Akawakumbusha farasi jike wa Olimpia ya kale, aliyemwangusha mpandaji wake mbio zilipoanza tu, akaendelea peke yake, akageuka panapogeuzwa, akafika wa kwanza, akasimama mbele ya waamuzi. "Na waamuzi," akasema, "walimpa ushindi mwenye farasi."

Akauma ulimi. Alikuwa amechelewa.

"Mmesikia wenyewe," akasema Mama Kaltuma, akijikokota mbele na fimbo yake. "Mwenye farasi. Mwalimu wangu, si wewe uliyetufundisha kwamba mbio za magari ya farasi kule Olimpia taji lilikwenda kwa mwenye farasi, aliyeshika hatamu akaambulia vumbi? Si wewe uliyetuambia habari za mwanamke wa Sparta, dada wa mfalme, aliyetangazwa mshindi na hata uwanjani hakukanyaga? Basi Hodi ni wa nani? Ukame ule mkubwa, majirani waliuza punda wao kwa wachinjaji, kila siku lori lilisimama mlangoni pangu. Nilikula mara moja kwa siku, nikakataa. Kama ningekuwa nimeuza, leo mngemshangilia nani? Mimi ni mzee. Kijana wangu ameumia. Bila ufunguo, mkokoteni wangu utakuwa wa mwisho kwenye foleni, na huo ndio mwisho wangu."

Watu wakasema, kweli, mama amestahili.

Hapo Ekidor akaletwa, amebebwa na wanaume wawili, uso umekuwa kama majivu. Hakukubali kupelekwa zahanati kwanza.

"Mama, shikamoo," akasema. Hata katika ugomvi alimwamkia. "Yule wa Olimpia alianguka mwanzoni, hakufanya kitu. Mimi nimeanguka kwenye mlango wa mwisho. Milango yote ya Mtaa wa Maduka nimeivuka mimi, kwa miguu hii. Bila mimi, Hodi saa hii angekuwa kwa muuza mkaa, amesimama. Na Mwalimu alitufundisha habari za Mjapani wa sarakasi, mwaka wa sabini na sita, aliyevunjika goti, akaficha maumivu, akapanda kwenye pete za kuning'inia, akatua kwa miguu yake miwili, na timu yake ikapata dhahabu. Walimwambia dhahabu ni ya mwenye pete?" Watu wakacheka kidogo, yeye hakucheka. "Mwalimu, mguu huu hautakimbia tena na mkokoteni. Nina watoto wawili hawajaota meno. Mwenye ufunguo anaweza kufanya kazi amekaa, mwingine yeyote lazima akimbie. Usiponipa, nitafanya nini kingine?"

Watu wakasema, kweli, kijana amestahili. Mama Kaltuma akageukia pembeni akajifuta macho, kwa maana alimpenda kijana yule.

Mwalimu akaanza kuamini kwamba ni hao wawili tu, na wawili tayari walikuwa wengi. Ndipo Dabo akasema, taratibu, bado amemshika mwanapunda.

"Na mimi je?"

Watu wakageuka. Ni kama walikuwa wamesahau kwamba yupo.

"Mwalimu, kuna mtoto mmoja wa Paris. Wewe ulitusimulia. Mwaka wa elfu moja mia tisa, wapiga makasia wa Uholanzi walimwona nahodha wao ni mzito, wakaokota mtoto wa Kifaransa mwepesi, wakamkalisha kwenye mashua aongoze. Wakashinda. Wakapiga naye picha. Halafu akaenda zake, na mpaka leo hakuna anayejua jina lake. Ulipotusimulia ulilia, nilikuona. Basi msinifanye mimi yule mtoto. Hodi hakukimbilia taji, hakukimbilia ufunguo, hakumkimbilia Mama wala Ekidor. Amemkimbilia huyu. Na huyu yuko hai kwa maziwa ya watoto wangu. Ekidor alipoachia hatamu, waliombeba wanasema alimwambia, nenda kwa mwanao. Hakusema nenda kwa Mama Kaltuma. Mimi sina mkokoteni, sina mume, nina karai la kufulia, na maji ya kufulia nayapata kwa mabaki ya watu. Nikipata ufunguo, Karibu atakua, nami nitaanza kazi."

Jua lilikuwa limeanza kuegemea mlimani na majani ya taji yalikuwa yameanza kujikunja, na kwa desturi yao taji halikuvikwa likiwa limenyauka. Mwalimu alilitazama taji, akatazama jua.

Akaamua kuuliza, labda maswali yangempunguzia mmoja.

"Mama Kaltuma, mwanapunda ulimpa Dabo?"

Mama Kaltuma akainama. "Nilimwambia amtupe. Niliona atamnyonya Hodi mpaka amwue, na Hodi ndiye aliyetulisha. Nikamwambia, ukimwona anakufaa, chukua."

"Ekidor, kugonga pipa ulijifunza wapi?"

Ekidor akamtazama mama yule. "Kwa Mama. Tangu Hodi ni mdogo, kila akimaliza kumimina maji anagonga pipa mara tatu, amwambie tumemaliza. Mimi nimegonga tu. Aliyemzoesha Hodi ni yeye."

"Dabo, ni nani aliyekuambia umlete mwanapunda kisimani?"

Dabo akampapasa Karibu shingoni. Angeweza kudanganya, hapakuwa na shahidi wa tatu. "Ekidor," akasema. "Mimi nilitaka kumfungia nyumbani, nikiogopa magurudumu. Alikuja asubuhi akaniomba."

Mwalimu alitaka kulia. Kila uzi aliouvuta ulikaza fundo. Kipigo cha pipa kilikuwa cha mama, kikapigwa na kijana. Wazo la kumleta Karibu lilikuwa la kijana, lakini Karibu alikuwa hai kwa sababu ya Dabo. Na Dabo alimpata kwa sababu mama alikuwa amembakiza Hodi wakati wengine wote waliuza. Na hawa watu watatu jana walikuwa wakila sahani moja.

"Wagawane!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Washike kwa zamu!"

Mwalimu aliruka kama aliyechomwa. Sikioni mwake ndoo ilianguka, na roda, na kamba iliyokatwa, chini, chini, mpaka gizani. Akakumbuka mbuzi barabarani. Akamkumbuka mama wa machela.

"Hapana," akasema. "Tuliapa. Jina moja, shingo moja."

"Nipe mimi, Mwalimu," akasema Mama Kaltuma, "nami nitawatunza wote wawili kama watoto wangu."

"Mama, unavyotunza nimeshaona," akasema Dabo, "na mwanapunda uliniambia nimtupe."

"Basi nipe mimi," akasema Ekidor, "na Mama hatalala njaa mradi niko hai."

"Na mguu ukikuua?" akauliza Mama Kaltuma, na mara akajiziba mdomo, akaogopa alichokisema.

Hawakutukanana. Afadhali wangetukanana, Mwalimu angepata wa kumchukia. Walisogea tu, kidogo kidogo, huyu huku, yule kule, mpaka wakawa wamesimama pande tatu za geti, na kati yao uwanja mtupu. Wale wanaume wawili waliombeba Ekidor hawakujua waangalie wapi.

Mwalimu Resiato akatungua ufunguo uliokuwa umetundikwa kwenye msumari wa geti. Akaushika mkono mmoja, na mkono mwingine taji. Alikuwa amefundisha mabingwa wote, wa kale na wa leo, wa majani na wa dhahabu, majina na rekodi zao, na sasa hapakuwa na hata mmoja aliyemsaidia. Kila aliyemkumbuka alikuwa na mwenzake wa kumpinga. Nyuma ya umati, mitungi ya kesho ilikuwa imeanza kupangwa kwenye foleni, maana watu watakunywa tu, iwe haki imetendeka au haikutendeka.

Hodi akamaliza kunyonyesha. Akavuta mkokoteni wake mpaka katikati ya wale watatu, akasimama. Akageuza shingo kwa Mama Kaltuma. Akageuza kwa Ekidor. Akageuza kwa Dabo. Punda aliyejua kila mlango wa mji ule, siku hiyo hakujua asimame kwa nani. Akasubiri pipa ligongwe, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Mwalimu akapiga hatua ya kwanza.

Mimi nimefika hapa, na hapa ndipo mate yanaponikauka. Haya ninyi, mnaojua sana, mliokuwa mkicheka pale Hodi aliposimama kwa muuza mkaa: taji ni moja, linanyauka. Ufunguo ni mmoja. Shingo ni tatu, na kesho alfajiri lazima mtu afungue geti. Je, nani alistahili?